Alama Katika Chuma: Kutoka Fuawe ya Walega Hadi Mwali wa Leza

Mchongo wa kina katika metali ni kazi ya kuondoa metali yenyewe, ili namba, maandishi au pambo likae chini ya uso wa kitu, mahali ambapo msuguano, kutu, rangi na tupa ya mwizi havifiki kwa urahisi. Alama ya juu juu hubadilisha rangi ya uso tu na yaweza kuondoka kwa msasa. Mchongo wa kina hubaki hata kitu kikichakaa. Viwandani hutumika kwa namba za injini na za silaha, kwa kalibu za kumiminia plastiki na bati, kwa mihuri ya sarafu, na kwa sehemu za mashine zitakazopitia joto au kupakwa rangi mara nyingi. Leo kazi hiyo hufanywa zaidi na zaidi kwa leza, lakini haja iliyoizaa leza ya namna hiyo ni ya zamani sana, na katika bonde la Lualaba imeacha nyayo zinazoweza kufuatwa.

Kama ni mji mdogo wa machimbo katika wilaya ya Pangi, jimbo la Maniema, kusini-mashariki ya Kindu. Ni nchi ya Walega. Ardhi yake na ya jirani zake Kampene, Kalima, Punia na Kailo ina bati, dhahabu, na metali nyingine zinazoingia ndani ya mashine za kisasa. Kwa hiyo historia ya alama katika chuma hapa inatazama pande mbili: metali iliyotoka Maniema, na metali yenye alama iliyoingia Maniema kutoka mbali.

Mhunzi wa zamani wa ukanda huu alifanya kazi kwa makaa ya miti, mvukuto, fuawe na nyundo. Alichofua ni shoka, jembe, kisu na mkuki. Hakuhitaji kuandika jina juu ya kazi yake, kwa sababu katika kijiji umbo la kisu lenyewe lilitosha kumtaja aliyekifua. Mkono wa kuchonga alama ndogo ulielekezwa kwingine. Chama cha Bwami, kilichopanga vyeo na maadili ya Walega kwa ngazi, kilitumia sanamu na vinyago vya pembe za ndovu na vya mti, na nyingi za pembe hizo zimejaa vijiduara vyenye nukta katikati, kila kimoja kikiwa kimechimbwa kwa ncha ya chuma iliyozungushwa mahali pamoja. Ukikitazama kwa karibu kijiduara hicho, utaona ukingo wake ni mkali na kina chake ni kile kile kuzunguka kote. Masizi na mafuta yaliingia humo, pembe ikasuguliwa kwa miaka mingi mikononi, na duara likazidi kuonekana badala ya kufutika. Kanuni ya mchongo wa kina imo humo nzima: uso huliwa na matumizi, shimo hulindwa na kina chake.

Pwani ya Waswahili ilikuwa na kazi nyingine iliyodai kina, nayo ni ya sarafu. Kilwa ilipiga sarafu za shaba kuanzia takriban karne ya 11, zenye jina la Ali bin al-Hasan na maneno ya Kiarabu yenye vina vinavyoendana upande mmoja na mwingine. Sarafu haichongwi yenyewe. Kinachochongwa ni muhuri, kipande cha metali ngumu chenye maandishi yaliyogeuzwa kinyume, ambacho hupigwa nyundo juu ya kipande cha shaba laini. Makosa ya mchongaji hurudiwa katika kila sarafu, na kina kikipungua maandishi ya sarafu hufifia mapema. Mafundi wa Kilwa walilijua jambo ambalo kila mtengeneza kalibu analijua hadi leo: anayechonga muhuri anachonga mara moja kwa niaba ya maelfu.

Karne ya 19 ndiyo iliyofungamanisha pwani na Maniema. Misafara ya Waungwana na Waarabu ilifika Nyangwe na Kasongo ikitafuta pembe na, kwa aibu kubwa ya historia hiyo, watumwa. Mpelelezi David Livingstone alifika Nyangwe mnamo 1871 akakuta soko kubwa kando ya Lualaba. Pamoja na vitambaa na shanga zilikuja bunduki, na bunduki za Ulaya zilikuja na alama. Katika mji wa Liège nchini Ubelgiji kila mtutu ulipaswa kujaribiwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida, na ukipona ulipigwa chapa ya herufi ELG ndani ya duara la yai, desturi iliyowekwa tangu 1810. Birmingham nchini Uingereza nako kulikuwa na nyumba ya majaribio iliyoanzishwa 1813. Chapa hizo zilipigwa kwa muhuri wa feleji na nyundo, ubavuni mwa mtutu karibu na mahali pa baruti. Kwa mtu wa Kasongo asiyejua Kifaransa wala Kiingereza, ule mduara mdogo ungeweza kuwa na maana moja iliyo wazi: mtutu huu umejaribiwa, hautapasuka usoni mwako.

Kisha chapa ikapewa kazi ya pili. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, uliohusu biashara ya watumwa, ulizuia uingizaji wa silaha za moto katika sehemu kubwa ya Afrika, na ukaagiza kwamba silaha chache zitakazoruhusiwa ziandikishwe na kutiwa alama kabla mwenyewe hajapewa kibali chenye jina lake na mfano wa alama hiyo. Hapo ndipo wazo la kisasa lilipoandikwa kuhusu nchi hizi: namba ndani ya chuma, jina ndani ya daftari, na viwili hivyo vilingane. Miaka mitatu baadaye Nyangwe na Kasongo ziliangukia mikononi mwa majeshi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, mwenye Dola Huru ya Kongo, katika vita dhidi ya Waarabu, na waliokuwa wakidhibiti bunduki za wengine wakazileta zao kwa wingi. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya kuokoa watu ikatumika zaidi kuwanyang'anya uwezo wa kujitetea mbele ya utawala wa mpira na pembe. Kosa hilo halikuwa la chapa, lakini chapa ilishiriki.

Reli ilileta aina nyingine ya maandishi. Kampuni ya CFL, iliyoanzishwa 1902 ili kuunganisha Kongo ya juu na Maziwa Makuu, ilijenga njia ya kukwepa maporomoko ya Lualaba, na sehemu ya kutoka Kindu hadi Kongolo ilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1910. Kindu ikawa bandari na stesheni kwa pamoja, yenye karakana ya kutengeneza mabehewa na injini. Reli ya feleji ina maandishi ubavuni: jina la kiwanda, mwaka, na uzito wa reli kwa mita. Wengi hudhani maandishi hayo yamepigwa chapa baada ya reli kutengenezwa. Sivyo. Yametokeza nje, hayakuzama ndani, kwa sababu herufi zake zilichongwa kwa kina katika roli kubwa la kiwanda, na feleji ikiwa bado nyekundu kwa moto ilipita chini ya roli hilo na kujaza mashimo yake. Roli moja huandika maneno yale yale kwa kilomita nyingi za reli. Sahani za injini za mvuke, zenye jina la mjenzi na namba ya mfululizo, zilipatikana kwa njia iliyo jirani na hiyo, yaani shaba iliyomiminwa katika kalibu.

Fedha nazo zilikuwa darasa la uchongaji lililopita mikononi mwa kila mtu. Dola Huru ya Kongo ilitoa sarafu za shaba zenye tundu katikati tangu 1887, zikachukua polepole nafasi ya mitako, ile fimbo ya shaba njano iliyotumika kama fedha. Mwaka 1943 Ubelgiji ikiwa imekaliwa na Wajerumani, sarafu ya faranga 2 ya Kongo, yenye pembe sita na picha ya tembo, ilipigwa Philadelphia nchini Marekani. Mihuri ya zama hizo ilichongwa kwa pantografu: ncha moja hutambaa juu ya kielelezo kikubwa, na ncha nyingine inayozunguka kwa kasi hurudia mwendo huo huo kwa udogo ndani ya feleji. Mashine hiyo ilitawala uchongaji wa viwandani kwa miongo mingi, na mpaka leo haijafa.

Wakati huo huo Maniema ilikuwa imegeuka nchi ya bati. Kampuni ya Symétain ilianzishwa 1932 ikachimba Kalima na Punia, na kampuni ya Cobelmin ikashika Kampene, jirani ya Kama. Kasiteriti, mawe meusi mazito yenye bati, yalioshwa mitoni, yakafungwa magunia, yakateremshwa hadi Kindu na kuondoka kwa reli. Japani ilipoiteka Malaya mwanzoni mwa 1942, bati la Kongo likawa la thamani kubwa kwa Washirika, na jasho la kazi ya lazima likaongezeka machimboni. Kailo, karibu na Kindu, kulitoka volframiti, mawe yenye tungsteni. Metali hiyo ndiyo iliyobadilisha ncha za kuchongea. Kabidi ya tungsteni, iliyoingia sokoni Ujerumani katika miaka ya 1920 kwa jina la Widia, yaani "kama almasi", ilikata feleji ambayo ncha za zamani zilishindwa nayo. Pantografu bila ncha ya kabidi ni kalamu isiyo na wino.

Leza ilizaliwa katika mwaka ambao Wakongo wote wanaujua. Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza, yenye kijiti cha yakuti bandia, tarehe 16 Mei 1960 huko Malibu, Marekani. Siku 45 baadaye, tarehe 30 Juni, Kongo ikapata uhuru. Mwaka 1964 katika maabara za Bell, Kumar Patel alitengeneza leza ya gesi ya kaboni dayoksaidi, na humo humo ikapatikana leza ya fuwele ya neodimiamu, ambayo mwanga wake unafaa zaidi kwa metali. Kazi ya kwanza ya kiwandani ilikuwa ndogo na ya ajabu: mwaka 1965 kampuni ya Western Electric ilitumia leza kutoboa matundu katika almasi, zile ambazo waya wa shaba huvutwa ndani yake ili uwe mwembamba. Yapasa kukumbuka kwamba siku hizo Kasai iliongoza dunia kwa almasi za viwandani, na Katanga ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa shaba. Ujuzi tu ndio uliokuwa mbali.

Mashine za leo za mchongo wa kina nyingi ni za leza ya uzi wa kioo. Elias Snitzer alionyesha mapema katika miaka ya 1960 kwamba kioo kilichovutwa kuwa uzi chaweza kutoa leza, lakini wazo hilo lilingoja miaka 30 na zaidi hadi kupatikana vijitaa vya diodi vya kuulisha uzi huo kwa nguvu ya kutosha. Kampuni ya IPG, iliyoanzishwa 1990 na mwanafizikia Valentin Gapontsev nchini Urusi, ni miongoni mwa zilizofanya leza hizo kuwa bidhaa ya karakana. Ndani ya uzi mna chembe za iterbiamu. Mwanga unaotoka una urefu wa wimbi wa takriban nanomita 1,064, hauonekani kwa jicho, na kwa sababu hiyo hiyo ni hatari: hupenya hadi nyuma ya jicho kabla mtu hajajua ameumia. Miwani maalumu na kifuniko ni sharti la kazi, sawa na feni ya kuvuta moshi wa metali.

Siri ya mashine hii ni mapigo. Leza ya wati 50 haitoi wati 50 mfululizo. Hukusanya nishati na kuitoa kwa mapigo yapatayo 50,000 kila sekunde, kila pigo likidumu takriban nanosekunde 100. Ukigawanya, kila pigo lina milijuli 1, na kwa kuwa linamalizika kwa muda mfupi namna hiyo, nguvu yake ya kitambo hicho hufikia kilowati 10. Nguvu hiyo huelekezwa kwenye doa dogo kuliko unywele mnene. Metali ya hapo huyeyuka, sehemu yake hugeuka mvuke, na mvuke huo unaporuka husukuma nje ile iliyoyeyuka. Kinachobaki ni kishimo ambacho mtu hawezi kukiona kikiwa peke yake. Vioo viwili vidogo, vinavyogeuzwa na mota za galvanometa kwa amri ya kompyuta, husogeza doa kutoka mstari hadi mstari, na lenzi hulikaza juu ya uso wa chuma.

Kina hupatikana kwa uvumilivu. Pasi moja huondoa elfu chache tu za milimita, hivyo nusu milimita katika feleji huhitaji pasi zaidi ya mia moja. Fundi asiyejua huongeza nguvu na kupunguza mwendo ili amalize haraka, na hapo kazi huharibika: chuma kilichoyeyuka hushindwa kutoka, huganda tena ndani ya shimo, kuta zinakuwa na makovu na ukingo unavimba. Anayejua hubadilisha mwelekeo wa mistari kila pasi, ili mifereji ya pasi moja isirudiwe na inayofuata. Huteremsha lenzi kadiri shimo linavyozama, kwa sababu doa likipoteza ukali wake hupasha joto badala ya kuchimba. Baada ya pasi kadhaa hupitisha moja nyepesi ya kusafisha. Ukiitazama herufi iliyochongwa hivyo, sakafu yake ni ya kijivu na ina chembechembe kama mchanga laini, na pembe za ndani zina duara dogo lenye kipimo cha doa la leza. Ndipo utajua kwamba hapakupita ncha yoyote ya chuma.

Faida kubwa ya leza ni kwamba haigusi kitu. Ncha ya pantografu huchakaa, muhuri wa feleji huvunjika, na kipande chepesi hupinda chini ya nyundo. Leza hubadilisha namba kwa kila kipande bila kubadilisha chombo. Lakini katika jambo moja nyundo ya zamani inaishinda, na jambo hilo ni zito kwa mashariki ya Kongo. Muhuri unapopigwa, chuma kilicho chini ya namba hukandamizwa kwa ndani kuliko namba yenyewe. Mhalifu akiisugua namba kwa tupa hadi uso uwe laini, mchunguzi aweza kupaka tindikali, na chuma kilichokandamizwa kikaliwa tofauti na kingine, namba ikarudi kama kivuli. Leza haikandamizi. Huacha tabaka jembamba tu lililoguswa na joto, na tabaka hilo likishaondolewa kuirudisha namba huwa kugumu zaidi. Kwa silaha, basi, leza isiyo na kina haifai. Sheria ya Marekani, kwa mfano, inadai namba ya silaha iwe na kina kisichopungua 0.003 ya inchi, yaani milimita 0.076 hivi. Ni kipimo cha chini, na kwa nchi ambamo bunduki hupita mikono mingi ni busara kwenda ndani zaidi.

Maniema ililijua hitaji hilo kwa njia chungu. Kindu ilitekwa na waasi wa RCD Oktoba 1998, na kwa miaka iliyofuata vijiji vya jimbo vilikaa kati ya majeshi na makundi ya wanamgambo wa Mai-Mai. Silaha zilizotumika zilikuwa na namba za viwanda vya nchi nyingi, nyingine zimesuguliwa. Mnamo 21 Aprili 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Kongo ikiwemo, zilitia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo na nyepesi, inayotaka silaha zitiwe alama zinapotengenezwa na zinapoingizwa nchini. Taasisi ya RECSA, msimamizi wa itifaki hiyo, yenye makao Nairobi, ikazigawia nchi wanachama mashine za kutia alama. Nyingi zilikuwa za kugonga nukta kwa ncha ya kabidi, si za leza, na kwa sababu iliyoelezwa hapo juu uchaguzi huo ulikuwa mzuri. Kati ya Brussels na Nairobi ilipita miaka 114, na agizo ni lile lile: alama ndani ya chuma na daftari linalolingana nayo. Daftari ndilo lililokuwa gumu kila mara.

Madini nayo yakapewa alama zake. Symétain, Cobelmin na wenzao waliunganishwa 1976 kuwa Sominki. Oktoba 1985 bei ya bati duniani ilianguka, kampuni ikadhoofika, na wachimbaji wa mikono wakabaki kuwa wazalishaji wakuu. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa mikono Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, marufuku iliyodumu hadi Machi 2011, wakati ambapo wanunuzi wa dunia walikuwa wakidai ushahidi kwamba bati halilipii vita. Jibu lilikuwa mpango wa iTSCi: kila gunia la kasiteriti hufungwa lebo yenye namba machimboni, na lebo nyingine kwa mnunuzi, na namba zote mbili huandikwa. Lebo ni ya plastiki. Yenyewe kasiteriti haiwezi kuchongwa alama, kwa kuwa ni mchanga, na ikifika tanurini gunia hili huchanganyika na lile. Bati hupata jina lake likiwa limekwisha kuwa mche, katika kalibu iliyochongwa jina la mwenye tanuri, mbali na Maniema.

Bati hilo hurudi. Limo katika kila kiungio cha bodi ya kompyuta inayoendesha vioo vya leza, na tantali, itokayo pia katika coltan ya mashariki ya Kongo, huingia katika vyombo vya kuhifadhi umeme vya bodi kama hizo. Nairobi na Dar es Salaam kuna karakana zenye leza ndogo za uzi wa kioo zinazochonga sahani za mashine, funguo, vikombe vya ushindi na mihuri. Mashine ya wati 50 ni ya kuwekwa mezani na haili hata kilowati 1 ya umeme, kiasi kinachoweza kutolewa na jenereta dogo. Kalima ilikuwa na umeme wa maji wa Lutshurukuru kwa ajili ya machimbo, kwa hiyo hoja ya kwamba Maniema haiwezi kulisha mashine ya namna hiyo haisimami.

Kabla ya mashine mpya kuja, ipo kazi ya haraka zaidi. Chuma chakavu kinauzwa kwa kilo, na pamoja nacho huenda reli zenye mwaka wa kiwanda, sahani za injini za CFL, mihuri ya Symétain na namba za pampu za Sominki popote viliposalia kati ya Kindu, Kalima, Kampene na Kama. Walimu, wanafunzi wa ufundi na wauzaji wa chuma wanaokutana na kipande chenye maandishi wakipake chaki, waweke karatasi juu yake, waisugue kwa penseli mpaka herufi zitokeze, kisha waandike tarehe na mahali kilipookotwa. Kipande chenyewe kiende kwa mnunuzi, karatasi ibaki Maniema.